Friji ya mvinyo kwenye joto la Dar: kuichagua, kuiweka na kuitunza

Friji nyingi za mvinyo zinazouzwa mjini zimebuniwa kwa ajili ya jiko la Ulaya, chumba cha nyuzi joto 22 hadi 25. Ukiiweka sebuleni Tabata mwezi wa Februari, inakutana na chumba cha nyuzi 31 na hewa iliyojaa unyevu. Hapo ndipo friji na friji zinapoachana: moja inafika nyuzi 12 na kupumzika, nyingine inaunguruma kutwa kucha na chupa za ndani bado ziko nyuzi 18. Dukani zote mbili zina kioo cheusi na taa ya buluu, kwa hiyo macho hayakusaidii. Kinachosaidia ni kuinama na kusoma kibandiko cha nyuma.

Kabla ya kutoa hela, jiulize kama unaihitaji. Anayenunua chupa Ijumaa na kuimaliza Jumapili anatosheka na friji ya kawaida ya jikoni. Hata chupa nne tano za mvinyo mweupe zinaweza kukaa humo miezi kadhaa bila shida. Friji ya mvinyo inaanza kuwa na maana ukiwa na chupa kumi na kuendelea ambazo hukai nazo wiki moja tu, au ukinywa zaidi mvinyo mwekundu, ambao kwenye nyuzi 4 hufunga harufu na kwenye joto la chumba cha Dar hugeuka pombe tupu puani.

Mvinyo unataka nini

Kuhifadhi: nyuzi 12 au 13, giza, utulivu, na joto lisilopanda na kushuka ovyo. Hakuna chupa itakayoharibika kwa kukaa nyuzi 15 badala ya 12. Kinachoharibu ni wiki kwa wiki za joto la juu ya 25, pamoja na kule kupanda mchana na kushuka usiku. Mvinyo ukipata joto hutanuka na kusukuma kizibo; ukipoa hunywea na kuvuta hewa ndani. Ndiyo maana chupa yenye kizibo kilichotokeza juu ya mdomo, au yenye mchirizi wa kunata chini ya kifuniko chake, ni ya kuachwa dukani. Ilishaiva kwenye kontena au kwenye dirisha linalopigwa jua, na friji yako haitaifufua.

Kunywa ni habari nyingine. Mvinyo wenye povu unapendeza nyuzi 6 hadi 8, mweupe na wa waridi 8 hadi 12, mwekundu mwepesi 12 hadi 14, mwekundu mzito 16 hadi 18. Ule ushauri kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za mawe za nchi baridi. Chumba chako ni nyuzi 30.

Na ukweli mmoja unaookoa hela: mvinyo mwingi wa bei ya kawaida, uwe wa Afrika Kusini au wa Dodoma, umetengenezwa unywewe ungali mchanga. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo chupa mpya hazikauki sokoni. Usinunue friji ya chupa 80 ukidhani unazizeesha.

Kompresa, au isiyo na kompresa

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na wauzaji wengi hulipita.

Friji ya kompresa inafanya kazi kama ile ya jikoni: gesi inazungushwa kwenye mabomba, inachukua joto ndani na kulitupa nje. Inaweza kufika nyuzi 5 hata chumba kikiwa 35, mradi iwe imebuniwa hivyo. Ile ya termoelektriki haina gesi. Ndani yake kuna kibamba kidogo kinachopitishiwa umeme, upande mmoja ukapoa na mwingine ukapata moto, kisha feni inautoa moto huo nje. Ni nyepesi, kimya, haitetemeshi chupa, na bei yake ni ya chini. Kasoro yake ni moja tu lakini kwa Dar ni kubwa: uwezo wake unahesabiwa kutoka joto la chumba kwenda chini. Nyingi zinashusha nyuzi 10 hadi 15 na kugota hapo. Chumba kikiwa 31, ndani unapata 16 hadi 21, hata kama kitufe umekiweka 10.

Halafu kuna umeme. Termoelektriki husifiwa kwamba inakula kidogo, na kwenye chumba baridi ni kweli. Ikishindwa kufika joto ulilotaja haizimi kamwe. Ya wati 70 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 inamaliza uniti 50. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, ni karibu shilingi 18,000 kwa mwezi. Friji ya kompresa ya chupa 18 hadi 24 huwaka na kuzima, na kwa hali ya hewa yetu itakula kiasi cha uniti 15 hadi 25 kwa mwezi, yaani shilingi 5,300 hadi 8,900. Ile ya bei rahisi inakurudi taratibu kwenye LUKU. Na kama uko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu mapema, maana friji ya aina yoyote kati ya hizi inaweza kukutoa humo.

Namna ya kuzitambua dukani: izungushe uangalie nyuma kwa chini. Kompresa ni kile kidude cheusi cha mviringo, kizito, chenye mabomba ya shaba. Ukikuta feni tu nyuma ya matundu, na friji inainuka kwa mkono mmoja, ni termoelektriki. Kibandiko nacho kinasema: ya kompresa imeandikwa aina ya gesi na uzito wake, mara nyingi R600a na gramu 20 na kitu. Pasipo na gesi hakuna kompresa.

Termoelektriki inafaa mahali pamoja tu hapa mjini: chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa. Chumba kinachopozwa usiku na kuachwa mchana hakihesabiki.

Kusoma kibandiko

Tafuta herufi za daraja la hali ya hewa. SN maana yake friji imepimwa kwa chumba cha nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Kwa Dar chukua ST au T. Daraja N linatosha Julai, lakini kuanzia Desemba hadi Machi linafanya kazi kwenye ukingo, hasa nyumba ya bati isiyo na dari nzuri. Kama kibandiko hakina herufi hizo kabisa, uliza kwa nini, kisha nenda duka la pili.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Kibandiko kiseme 220-240V, 50Hz. Friji ya mtumba iliyotoka Marekani ni ya volti 110 hadi 120. Ukiichomeka moja kwa moja unaiua siku hiyohiyo, na transfoma ya kuibeba ni gharama na joto la ziada. Plagi ya pini tatu za mraba ndiyo inayoingia kwenye soketi zetu. Ikija na plagi nyingine, fundi umeme aikate na kufunga plagi yenye fyuzi ya ampia 5. Adapta inayolegalega huungua taratibu usiione.

Idadi ya chupa iliyoandikwa kwenye boksi huhesabiwa kwa chupa nyembamba za Bordeaux, zenye upana wa karibu sentimita 7.5. Chupa za Burgundy zina 8 na zaidi, za shampeni karibu 9. Ukichanganya, friji ya chupa 18 inabeba 14. Nunua kwa kuzidisha theluthi moja juu ya idadi unayokuwa nayo kawaida. Na kama nyumbani mnakunywa mvinyo wa boksi wa lita 5, pima urefu wa boksi kwanza na uhakikishe rafu mbili zinatoka, la sivyo halitaingia.

Sehemu moja ya joto au mbili? Moja inatosha wengi. Unaiweka nyuzi 11 au 12: mweupe unatoka tayari kunywewa, mwekundu unasubiri kidogo mezani. Sehemu mbili zinalipa ukiwa na chupa zaidi ya 30 na wageni wa mara kwa mara. Kinyume cha hapo umenunua sensa moja zaidi ya kuharibika.

Mlango wa kioo uangalie kwa makini. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 26. Kioo kimoja kinachofunika nyuzi 12 kitatoa jasho kutwa, maji yatiririke kwenye mpira na sakafu, na kuvu ianze pembezoni. Taka vioo viwili vyenye hewa iliyofungwa katikati. Vitatu ni bora zaidi. Gonga kwa kucha ukitazama pembeni, au washa tochi ya simu mbele ya kioo uhesabu miakisi: kila kioo kinarudisha miwili. Mlango wa bati usioonyesha chupa unahifadhi ubaridi vizuri kuliko wote, ila watu hawaupendi kwa sababu hauna maonyesho.

Kufuli si anasa kwenye nyumba yenye watoto.

Kuinunua na kuifikisha

Kariakoo utapata aina nyingi na nafasi ya kupatana bei. Maduka ya kwenye majengo makubwa ya biashara yana bei ya juu kidogo lakini huwa rahisi zaidi kufuatilia warantii. Popote uendapo, iwashwe mbele yako. Iache nusu saa huku ukizunguka. Ukirudi, mabomba ya pembeni au ya nyuma yawe na moto na ukuta wa ndani uwe baridi kwa kiganja. Fungua na kufunga mlango, kisha bana noti ya shilingi elfu moja kwenye mpira na uivute: inapaswa kugoma kidogo. Rudia pembe zote nne. Chukua risiti ya EFD yenye jina la mfano wa friji, kwa sababu bila hiyo warantii ni maneno.

Isafirishwe imesimama. Kirikuu kinafaa. Guta ambalo friji imelazwa juu yake, ikaruka mashimo hadi Mbagala, linafanya mafuta ya kompresa yaingie kwenye mabomba ya gesi. Ikilazimu kulazwa, isimamishe nyumbani saa 24 bila kuiwasha. Hata iliyosimama njia nzima, ipe saa nne hadi sita.

Mahali pa kuiweka

Mbali na jiko, mbali na dirisha la magharibi, na kamwe si barazani. Nyumba za Msasani, Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni zina adui wa ziada: hewa ya chumvi. Inakula mabomba na maungio ya nyuma kimyakimya, hadi siku gesi inapovuja. Huko iwekwe chumba cha ndani, na kila mwezi nyuma pafutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu.

Kuna za kusimama peke yake na za kuingizwa kabatini. Tofauti si umbo, ni mahali moto unapotokea. Ya kusimama peke yake inatoa moto nyuma na pembeni, na inahitaji nafasi: sentimita 10 nyuma, 5 kila upande, 10 juu. Ya kabatini inatoa moto mbele, kupitia matundu ya chini ya mlango. Fundi seremala akikuchomekea ile ya kwanza ndani ya kabati kwa sababu inapendeza, moto hauna pa kwenda, kompresa haipumziki, na itakufa mapema. Huu ndio mchezo unaoua friji nyingi za mvinyo kwenye nyumba mpya nzuri, na mwenye nyumba humlaumu aliyemuuzia.

Isimame sawa. Weka glasi ya maji juu yake, zungusha miguu hadi maji yalale. Upande wa mbele unaweza kuwa juu kwa milimita chache ili mlango ujifunge wenyewe.

Kuiwasha mara ya kwanza

Futa ndani kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kausha, acha mlango wazi saa moja harufu ya plastiki itoke. Iwashe tupu, iweke nyuzi 12, iache mpaka kesho yake.

Usiamini namba inayowaka mlangoni. Inaonyesha hewa mahali sensa ilipo, nayo hupanda kila ukifungua. Jaza maji chupa tupu ya mvinyo, tumbukiza kipimajoto cha kidijitali chenye waya, ziba mdomo kwa nailoni, uilaze rafu ya katikati kwa saa 24. Hilo ndilo joto la mvinyo wako. Rudia rafu ya juu na ya chini. Kwenye friji isiyo na feni, chini huwa baridi kuliko juu kwa nyuzi mbili tatu, kwa hiyo mweupe ukae chini na mwekundu juu. Ikiwa namba ya mlangoni inasema 12 na chupa inasema 14, shusha kitufe mpaka chupa iseme unachotaka, na uandike kwenye karatasi tofauti hiyo.

Ukishajua inashika, pakia chupa nne hadi sita kwa siku. Chupa 18 zilizotoka kwenye buti ya gari zikiwa nyuzi 35, zikiingizwa zote jioni moja, zitaipa kompresa ndogo kazi ya kutwa nzima na kuzipasha zile zilizokuwa tayari baridi.

Umeme

Umeme ukikatika na kurudi ghafla, kompresa inajaribu kuanza wakati gesi bado ina shinikizo upande mmoja. Inakwama, inapata moto, inajizima kwa klik, inajaribu tena. Kifaa cha kulinda friji, kile kiboksi cha kuchomeka kwenye soketi kinachosubiri dakika kama tatu kabla ya kuruhusu umeme, kinazuia hilo, na kinakata volti zikishuka au kupanda kupita kiasi. Hakiongezi umeme. Mtaa ambao jioni taa zinafifia na volti zinashuka chini ya 190 unahitaji stebilaiza. Ya VA 1000 inatosha friji ndogo pamoja na ule mshtuko wa kuanza. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri, iwe ya mawimbi safi (pure sine wave). Zile za bei rahisi hufanya kompresa iungurume bila kuanza.

Na ukikatika muda mrefu? Mlango usifunguliwe. Friji ndogo iliyojaa chupa baridi hupanda takriban nyuzi moja hadi mbili kwa saa, kwa sababu kioo hakizuii joto kama ukuta. Ikiwa na chupa tatu tu hupanda haraka zaidi, hivyo jaza nafasi kwa chupa za maji. Saa nne za kukatika hazina madhara. Siku nzima Februari ni sawa na kutokuwa na friji siku hiyo, na chupa zitavumilia ikiwa si mtindo wa kila wiki.

Kuitumia kila siku

Chupa zenye kizibo cha gome zilazwe ili kizibo kibaki na unyevu. Za kifuniko cha kuzungusha, ambazo ndizo nyingi kutoka Afrika Kusini, zinaweza hata kusimama. Chupa isiguse ukuta wa nyuma: lebo itagandia hapo na hewa itashindwa kupita. Chupa pana zipangwe kichwa kwa miguu. Vuta rafu moja tu kwa wakati, maana mbili zilizojaa zinaweza kuipindua friji nyepesi kifudifudi.

Utasoma mahali kwamba uweke bakuli la maji ndani ili kuongeza unyevu. Huo ni ushauri wa nchi kavu za baridi. Hapa kila ukifungua mlango unaingiza unyevu wa kutosha. Shida yetu ni kuupunguza. Ukiona kuvu nyeupe kwenye lebo, fungua mara chache, kagua mpira wa mlango, na ufute chupa kabla ya kuziingiza.

Mwekundu mzito uliotoka nyuzi 12 ukiwekwa mezani chumba kikiwa 30 unafika 16 baada ya dakika 15 hadi 20. Baada ya saa moja umeshapita 20, kwa hiyo mimina kidogo kidogo na chupa iwe ndani ya ndoo yenye maji baridi na vipande vichache vya barafu. Mvinyo wenye povu uhamishie friji ya jikoni saa tatu kabla. Umesahau na wageni wako getini? Barafu, maji na kiganja cha chumvi kwenye ndoo: dakika 20 hadi 30. Barafu peke yake bila maji ni polepole, kwa sababu inagusa chupa sehemu chache tu.

Chupa iliyofunguliwa irudi friji ya jikoni, imesimama na imezibwa, inywewe ndani ya siku tatu hadi tano. Nyuzi 12 haziizuii kuchacha.

Maziwa, nyama na samaki wasiingie humu, hata umeme wa friji kubwa ukiwa na hitilafu. Vyakula hivyo vinataka nyuzi 5 kushuka chini. Insulini nayo inataka 2 hadi 8.

Ikisumbua

Maji yamejaa chini ya rafu ya mwisho: kitundu cha kutolea maji nyuma kimeziba kwa vumbi au karatasi ya lebo. Kizibue kwa mrija laini wa plastiki na maji ya vuguvugu. Maji hayo huenda kwenye kisahani juu ya kompresa na kukauka kwa moto wake. Msimu wa masika kisahani kinaweza kufurika, kikague.

Barafu imejengeka ukutani: mara nyingi mpira wa mlango haushiki. Osha mpira kwa maji ya sabuni, jaribu tena noti. Ukiwa umepinda, upashe kwa kifaa cha kukaushia nywele, uunyooshe kwa kidole. Barafu yenyewe iyeyushe kwa kuzima friji saa sita hadi nane na taulo chini. Asiguse mtu kwa kisu. Ukuta huo ni bomba la aluminiamu, na kijitundu kimoja kinatoa gesi yote.

Inawaka bila kuzima: anza na vumbi. Chomoa, piga brashi nyuma na kwenye feni. Kisha nafasi ya ukutani, kisha mpira. Yote yakiwa sawa na mabomba ya nyuma hayapati moto, gesi imepungua.

Klik kila dakika chache bila kuanza: pima volti kwenye soketi wakati huohuo inapojaribu kuanza. Zikishuka sana, tatizo ni umeme au ekstensheni nyembamba. Zikiwa sawa, ni rilei ya kuanzia, kijisehemu cha bei ndogo pembeni mwa kompresa, na fundi akibadilishe hicho kabla ya kukwambia kompresa imekufa.

Kuhusu gesi, uwe mkali. R600a inawaka moto. Madirisha yafunguliwe, gesi iliyobaki itolewe nje, na pasichomelewe chochote kabla ya hapo. Gesi haiishi yenyewe, kwa hiyo fundi anayetaka kujaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia miezi miwili. Muulize kama ana mizani. Friji inayobeba gramu 25 haijazwi kwa kukisia. Gramu 10 za ziada zinatosha kuifanya isipoe. Akitaka kuweka R134a kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye mtungi, mshukuru na umlipe nauli yake.

Njia ya bei nafuu

Aliye na friji nzuri ya mlango mmoja iliyokaa bure anaweza kununua kidhibiti joto cha nje, kile chenye waya wa sensa na soketi. Friji inachomekwa kwenye kidhibiti, sensa inafungwa kwa utepe wa gundi kwenye chupa ya maji katikati ya friji, unaweka nyuzi 12 na tofauti ya nyuzi 2, pamoja na kusubiri dakika 5 kabla ya kompresa kuanza tena. Kitufe cha friji yenyewe kiachwe kwenye baridi ya juu ili kidhibiti ndicho kiamue. Mlango ni wa bati wenye sponji nene, umeme unatumika kidogo, na umeme ukikatika ubaridi unakaa zaidi kuliko kwenye kioo. Haina sura ya kuonyesha wageni, na rafu za mbao utazitengeneza kwa seremala. Kwa kuhifadhi tu, inaishinda friji nyingi za mvinyo za bei ya kati.

Ukisafiri Desemba

Familia ikienda mikoani mwezi mzima, mwezi huohuo wa joto, kinachoiangusha friji mara nyingi si TANESCO bali uniti kuisha kwenye mita hakuna mtu nyumbani. Hesabu uniti 25 za friji ya mvinyo, ongeza za friji ya jikoni na taa ya nje, kisha ziwekwe kabla hujafunga mlango. Acha namba ya mita kwa mtu mwenye ufunguo. Weka sarafu juu ya glasi ya barafu kwenye sehemu ya kugandishia ya friji ya jikoni: ukirudi ukaikuta imezama hadi chini, umeme ulikuwa umekatika muda mrefu. Hapo kagua vizibo vyote kwa kidole, kimoja kimoja. Kilichotokeza au kulowa, chupa yake ifunguliwe wiki hiyo.